Dumu la Mawese

Babu yangu hakuwahi kula mawese katika miaka yote niliyomfahamu. Alisema mboga iliyoungwa kwa mawese humwachia kooni kitu mfano wa mshumaa, na harufu yake ilipomfikia akiwa barazani alihamisha kiti chake upande wa pili wa mlango, bila kinyongo, kama mtu anayekwepa jua. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 50, ni nadra mwezi kupita bila dumu la lita 5 la mawese ya Kigoma kuingia nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Tabora, kizibo kikiwa kimekazwa juu ya kipande cha nailoni ili mafuta yasivuje njiani. Watoto waliyala kwa sababu yalikuwepo. Aliyeyahitaji alikuwa mtu mmoja, naye ni bibi yangu.

Tangu Babu alipofariki mwaka 2021 nimejaribu mara kadhaa kuandika habari zake, na kila nilipoanza na kazi yake, au umri wake, au hesabu ya watoto na wajukuu aliowaacha, kalamu iliishia kwenye dumu hilo. Safari hii nimeona nianzie hapo hapo.

Babu alikuwa gadi wa treni. Kwa wasioijua kazi hiyo, gadi ndiye mwenye treni, na dereva kazi yake ni kuiendesha tu. Hivyo ndivyo Babu alivyoieleza, ingawa madereva waliokuja kunywa kahawa barazani kwake walikuwa na maelezo yao. Gadi hukaa nyuma kabisa, na bendera zake mbili, taa, filimbi na saa. Treni ikisimama porini bila kutarajiwa, yeye ndiye hushuka na kurudi nyuma kwa miguu gizani kwenda kutega fataki juu ya reli, ili kama kuna treni nyingine inakuja, dereva wake asikie mlipuko chini ya gurudumu na kufunga breki. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ni ya njia moja, kwa hiyo treni zinazokabiliana hupishana stesheni, na inayopaswa kusubiri husubiri. Babu alianza kama kibarua wa gangi, akibadilisha mataruma na kukaza misumari, enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, na akapanda ngazi pole pole hadi akavaa kofia. Safari yake ya kudumu ilikuwa Tabora kwenda Kigoma, zaidi ya kilomita 400, treni ikiondoka jioni na kuingia asubuhi. Alitulaza wajukuu kwa kutuhesabia stesheni: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba. Sikumbuki kama niliwahi kufika Uvinza nikiwa macho, na mpaka leo nikilisikia jina la Usinge hupiga miayo.

Bibi alikuwa mtu wa Ujiji, kilomita chache kutoka stesheni ya Kigoma, kwenye nyumba za udongo zenye miembe mikubwa mbele. Babu alipopeleka posa, wazee wa huko hawakufurahi. Kosa halikuwa Unyamwezi wake, maana Ujiji ina watu wa kila kabila na Wanyamwezi wamepita pale tangu enzi za misafara ya pembe. Kosa lilikuwa reli. Watu wa reli walisemwa kwamba wana mke kila stesheni yenye bomba la maji. Mazungumzo yakaenda na kurudi, mahari ikatajwa na kupunguzwa, na mwishoni mama yake Bibi, ambaye alikuwa nyuma ya pazia na hakutakiwa kusema lolote, akasema kwa sauti ya kusikika barazani kwamba yeye hana tatizo na Mnyamwezi wala na reli, ila mwanawe asije akakosa mawese huko anakopelekwa. Watu wakacheka. Babu hakucheka. Walioana mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, na treni iliyomleta bibi harusi Tabora ilileta pia debe la kwanza, kwa sababu wakati huo madumu ya plastiki yalikuwa bado hayajaenea.

Ni rahisi kusema kwamba alikuwa akitimiza ahadi, na Babu mwenyewe angependa isemwe hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni na aliona aibu kuonekana ana hisia. Mimi siamini. Ahadi aliyopewa mama mkwe ingeweza kufa pamoja na mama mkwe, ambaye alizikwa kabla mama yangu hajaanza shule. Wenzake walipomtania stesheni, gadi mzima anashuka na dumu kama mchuuzi, aliwajibu kwamba Wanyamwezi wamekuwa wapagazi wa njia ya Ujiji tangu zamani, na kwamba babu zake walibeba pembe za tembo kwa ajili ya watu wasiowajua, sembuse yeye anayembebea mtu anayemjua.

Kwa hiyo kwenye nyumba ile kulikuwa na sufuria mbili kila jioni. Moja ilikuwa ya Babu, mboga ya karanga, kama walivyopika kwao; ya pili ilikuwa ya Bibi, maharage au kisamvu au dagaa, nyekundu kwa mawese. Sisi watoto tulikula zote mbili na tulijifunza mapema kunawa vizuri kabla ya kumshika Babu mkono, kwa maana doa la mawese kwenye shati jeupe la sare halitoki. Miezi ya baridi, Juni na Julai, mawese huganda, chini yakawa mazito kama uji na juu yakabaki mepesi, na Bibi alikuwa na desturi ya kuliweka dumu juani asubuhi, kwenye kona ya ukuta wa uani, akiligeuza kila baada ya muda. Babu akirudi kazini na kulikuta pale alilisogeza likae sawa na jua, kisha akaingia ndani kulala. Hawakulizungumzia. Nimewaona wakifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilipoolewa nilishangaa kuona kwamba watu wengine, ili kuonyesha kwamba wanajaliana, huambiana kwa maneno.

Sitaki nimfanye malaika. Alikuwa mkali kwa wanawe wa kiume kupita kiasi, hasa kwa kuchelewa, na alikaa karibu miaka miwili bila kusemezana na mjomba wangu kwa jambo ambalo mjomba alikuwa na haki nalo. Kuna jingine kubwa zaidi. Bibi alitamani kurudi ziwani. Hakulisema mbele za watu, lakini mtu aliyekulia Ujiji, akiamka na upepo wa Ziwa Tanganyika na kuona taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka usiku wa giza kama mji mwingine juu ya maji, hawezi kuishi kwenye nchi ya miyombo na vumbi bila kuona upungufu. Babu alistaafu miaka ya mwanzo ya tisini na angeweza kuhamia popote; kiwanja kilikuwepo upande wa wakwe. Hakuhama. Bibi alikwenda kwao kwa misiba na harusi tu. Wakati mwingine huona kwamba Babu alimletea Kigoma ndani ya dumu kwa sababu hakuwa tayari kumrudisha Kigoma, na kwamba kila mwezi alikuwa akilipa sehemu ya deni ambalo hakutaka kulimaliza. Nilimuuliza Bibi siku moja, nikiwa nimekua kiasi cha kuthubutu, kama hakumlaumu. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Ziwa halibebeki begani, mjukuu wangu. Yeye alileta kilichobebeka." Kisha akanituma maji.

Mwaka 1983 dumu lilikaribia kumfunga. Ule ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na waliokuwepo wanakumbuka jinsi watu walivyotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mafuta ya kula, sukari na sabuni vilikuwa vya foleni. Babu akashuka Tabora asubuhi na dumu lake kama kawaida, na askari mmoja kijana akamsimamisha jukwaani, mbele ya abiria, na kumtaka aeleze mafuta hayo ni ya nani na yanakwenda kuuzwa wapi. Babu akasema ni ya mke wake. Askari akauliza mke wake anakunywa mafuta. Babu, ambaye angeweza kutaja cheo chake, au kumwita stesheni masta, akaweka dumu chini, akatoa daftari lake mfukoni na kuanza kumsomea kijana yule tarehe za madumu yote aliyoleta tangu mwaka ule uanze, moja moja, na saa ya kufika. Inasemekana alikuwa amefika mwezi wa tatu askari alipomwambia abebe aende. Mwaka huo huo ndipo majirani wa Ng'ambo, waliokuwa wakiyacheka mawese kwamba ni chakula cha watu wa ziwani, walipoanza kubisha hodi na vikombe mkononi. Bibi aliwapimia wote, kikombe kikombe, na dumu la mwezi likawa la wiki moja.

Daftari hilo linastahili maneno yake. Kazi ya gadi ni kuandika saa: treni imefika saa ngapi, imeondoka saa ngapi, imechelewa dakika ngapi na kwa nini. Babu alikuwa na daftari la kazi na alikuwa na daftari lake mwenyewe, na hili la pili, lenye jalada gumu jeusi, liliendelea baada ya kustaafu hadi likawa madaftari manne. Aliandika kwa saa za reli, tarakimu nne bila nukta, jambo lililomkera Bibi, ambaye alimwambia saa zako za reli uziache stesheni, humu ndani saa kumi ni saa kumi. Humo ndimo tulimoandikwa wajukuu. Wa kwanza ni mimi: tarehe, kisha "Mjukuu amewasili 0442. Mama mzima. Amechelewa siku 9." Wajukuu wote 17 wamo, kila mmoja na saa yake, na mapacha wa mama mdogo wametenganishwa kwa dakika 22, na mbele ya yule wa pili Babu ameandika "alisubiri kupishana". Binamu yangu mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam ana mstari mkali kidogo: "Taarifa imepokelewa siku ya tatu."

Kwangu mimi, kama ilivyo desturi ya mababu kwa wajukuu wa kike, alikuwa akiniita mke wangu, na Bibi akiniita mke mwenzangu na kunisingizia kwamba namwibia mume. Nilikuwa nikisindikizwa shuleni na mzee huyo aliyetembea kwa mwendo wa kupimwa, chini ya miembe ya Tabora ambayo mwezi wa kumi na moja hudondosha matunda hadi juu ya mabati usiku, na hatukuwahi kuingia getini kengele ikiwa imeshalia. Hakunibebea begi. Alisema kila mtu ana mzigo wake kwenye karatasi ya mizigo. Lakini alinikata kucha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, amekaa na miguu yangu juu ya paja lake, miwani imeshuka puani, akikata polepole kana kwamba ukucha ukikatwa vibaya kutakuwa na uchunguzi.

Macho ya Bibi yaliharibika pole pole na sisi wote tukadhani ni uzee. Alikuwa anagonga fremu ya mlango, anamwaga chai nje ya kikombe, na alikuwa hodari wa kutafuta sababu. Tulipompeleka hospitali tuliambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Ndani ya miaka miwili akawa haoni kitu ila tofauti ya mchana na usiku, na baadaye hata hiyo ikaondoka. Mama na dada zake wakapanga zamu za kuja kupika. Zamu zilidumu kama mwezi, kisha siku moja mama alifika akamkuta baba yake uani, amevaa msuli na fulana, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akitazama sufuria yenye mawese ndani, na Bibi amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso umeelekezwa upande wa sufuria.

Mimi nilikuja likizo na nikaona kwa macho yangu jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Mawese mabichi hayaungwi hivi hivi. Huwekwa motoni kwanza mpaka yaive, wekundu wake ukapauka kidogo na ile harufu nzito ikaisha, na ukiyawahi mboga huwa chungu ya ubichi, ukiyachelewa jiko lote linajaa moshi na unakohoa. Bibi alilijua jambo hili kwa macho, na sasa ilimbidi alijue kwa masikio na pua. Mwanzoni mawese hupasuka pasuka kwa sababu ya maji yaliyomo, halafu milio hiyo hupungua, halafu hunyamaza, na ukimya huo ndio aliokuwa akiusubiri, mkono mmoja umeinuliwa kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Babu alikuwa ameshika saa.

"Dakika nne," akasema.

"Bado."

"Jana ilikuwa dakika nne."

"Mawese hayana ratiba, baba. Tulia."

Ukimya ukafika. Akasema, "Tia kitunguu," na Babu akatia, akarudi nyuma hatua moja kwa sababu ya harufu, akaandika kitu kwenye daftari. Baadaye nilikwenda kukisoma. Ameandika: "Mawese, mkaa wa wastani, 4 hadi 6. Asikilizwe yeye."

Tatizo lilikuwa chumvi. Hakuweza kuonja. Alijaribu mara moja, mama anasema, na akatoka kwenda kusukutua. Kwa hiyo alichota mchuzi kidogo kwenye kijiko, akaupuliza, akaugusisha nyuma ya kiganja chake kuona kama umepoa, akaupeleka mdomoni kwa Bibi, na Bibi akatamka neno moja: bado, au basi. Siku za dagaa alimchambulia vichwa kimoja kimoja. Siku za migebuka, ambao siku hizo walimfikia kutoka Kigoma kwa mkono wa magadi vijana aliowahi kuwafundisha kazi, alitoa miiba yote na kuipanga ukingoni mwa sahani yake mwenyewe ili aihesabu, na aliamini, sijui kwa msingi gani, kwamba anajua mgebuka mmoja unapaswa kuwa na miiba mingapi.

Mtaani walisema. Mwanamume wa Kinyamwezi, mzee wa msikiti, mstaafu mwenye heshima zake, anampikia mke na kumlisha; wakasema huyu amelishwa limbwata. Wengine walimwambia usoni, kwa mzaha wa barazani. Babu alifikiri kidogo kama alivyofikiri kabla ya kujibu jambo lolote, akasema kama ni limbwata basi limo kwenye mawese, na mimi siyali.

Hayo yaliendelea kwa miaka 11. Treni nazo zilikuwa na mambo yake katika miaka hiyo, na kabla yake pia; mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikata reli, na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yakasimamisha safari za kutoka Dar es Salaam. Reli ilipokuwa na matatizo dumu lilikuja kwa lori, kwa basi, na mara moja kwa pikipiki tatu zilizopokezana kutoka Uvinza, hadithi ambayo bei yake Babu alikataa kabisa kuitaja.

Bibi alifariki mwaka 2014, usiku, amelala. Kwenye daftari kuna saa tu, 0318, na hakuna neno lingine siku hiyo wala kwa siku nyingine 40.

Halafu mwezi wa pili baada ya msiba madumu yakaanza tena. Tulidhani ni mazoea ya yule kijana wa treni, kwamba hakuambiwa. Mama akampigia simu, na kijana akajibu kwa unyenyekevu kwamba mzee ametuma pesa mwenyewe. Hakuna aliyekuwa akiyala pale nyumbani. Msichana wa kazi alikuwa mtu wa Igunga na aliyaogopa. Tulipokuja kumtembelea tuliyachukua tukayapeleka majumbani kwetu, na yaliyobaki yalipangwa stoo, nyuma ya mfuko wa mkaa. Nikamuuliza Babu, kwa uoga, kama ameanza kuyala. Aliniangalia kama niliyemuuliza kama ameanza kuvuta sigara.

"Mimi sipendi mawese, mke wangu. Mbona unajua."

"Sasa tunanunua ya nini?"

"Nyumba hii inanunua mawese," akasema, na akauliza mume wangu hajambo.

Alipofariki yeye, ilitokea mchana na sote tulikuwepo, lakini hatukuafikiana kuhusu saa. Mjomba alisema ni saa nane na nusu, mama akasema ilikuwa imekaribia saa tisa, na yule muuguzi jirani aliyemfumba macho hakuwa ametazama. Daftari lilikuwa juu ya meza. Hakuna aliyeandika kitu.

Watu walijaa kuanzia jioni ile, na wanawake wa mtaa wakachukua uani kama wanavyofanya, masufuria makubwa, mafiga, kuni. Maharage yalichemshwa, na mafuta ya kupikia yaliyonunuliwa yakaisha mapema kuliko ilivyokadiriwa, na mtu fulani aliyetumwa stoo kutafuta mkaa akarudi na habari kwamba kuna madumu sita ya mawese. Basi yakapikwa kwa hayo. Nilikuwa nagawa sahani upande wa wanaume, nikafika kwa wazee wa reli waliokaa pamoja chini ya mwembe, wastaafu watupu, na dereva mmoja wa zamani, aliyebishana na Babu kwa miaka 40 kuhusu nani mwenye treni, akatia tonge la kwanza mdomoni, akasita, akalitazama sahani lake chini ya taa.

"Haya yameungwa kwa mawese," akasema.

Nikasema ndiyo, shikamoo, samahani, mafuta mengine yameisha.

"Mwenye msiba angekuwepo," akasema, akiendelea kutafuna, "angehamisha kiti."

Walicheka wote, kwanza kwa kujizuia kwa sababu ya msiba, kisha bila kujizuia, hadi mjomba akatoka ndani kuja kuona kuna nini, na nilipomweleza akaenda kukaa kati yao na kuomba sahani.